Mke Mwenye Mikarafuu, Mume Mchumaji

Wanachama wetu wengi hutuletea khabari za bei, za mizani na za miche iliyokauka, nazo ni khabari zetu za kila siku wala hatuzichoki. Walakini nyuma ya kila gunia linalofika kituoni ipo nyumba, na ndani ya nyumba hiyo wamo watu wenye watoto, wakwe na madeni; na mara nyingi ni mambo ya nyumbani yanayoamua kama karafuu itauzwa ikiwa kavu na safi, au itauzwa ingali juu ya mti kwa bei ya kutupa. Kwa hivyo tumeona yafaa safari hii tuzungumze juu ya vijana wawili, mume na mke, wa kilima kimoja kilicho karibu na Mtambile, katika Wilaya ya Mkoani, kisiwani Pemba. Walitukaribisha kwa sharti moja tu, kwamba majina yao yasiandikwe, nasi tulikubali.

Mume ana miaka 28 na mkewe ana miaka 24. Wameoana miaka mitano, nao wana watoto wawili: wa kike wa miaka minne, aliyekwisha kuanza chuo cha Kurani, na wa kiume anayenyonya. Mume si mtu wa vilimani. Kwao ni upande wa mashariki, nchi ya mawe, ambako mkarafuu haustawi na watu huishi kwa uvuvi, muhogo na mwani. Alikuja Mtambile mara ya kwanza akiwa na miaka 19, pamoja na vijana wenzake wanne, kuchuma karafuu za watu kwa ujira wa pishi na kulala katika kibanda cha makuti. Msimu wa tatu akaposa, na msimu wa nne hakulala tena kibandani.

Basi mikarafuu ni ya mke. Baba yake alipofariki aliacha mikarafuu 200, mjane mmoja, watoto wawili wa kiume na huyu mmoja wa kike. Urithi ukagawiwa kwa sheria kama ilivyo: mjane akapata thumni yake, yaani miti 25, ile 175 iliyobaki ikafanywa mafungu matano, kila mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kaka wawili wakapata miti 70 kila mmoja, na yeye akapata 35. Miti miwili imekwisha kufa tangu wakati huo, kwa hivyo leo anayo 33.

Mtu wa mbali akisoma hesabu hii ataiona nyepesi. Sisi tunaokaa huku twajua kwamba hesabu ya karatasini ni nyepesi na hesabu ya shambani ni nzito. Wako dada wengi katika visiwa hivi wenye mafungu yao halali ambao hawajapata kuyaona hata mara moja, kwani kaka huchuma yote, na ukifika mwisho wa msimu humletea dada yake doti ya kanga na ratili mbili za sukari, naye dada hushukuru. Mama wa kijana huyu hakulikubali jambo hilo. Siku ya arubaini ya marehemu aliwachukua wanawe wote watatu shambani, na kila mti wa binti yake akaufunga kitambaa cheupe. Vitambaa hivyo vimekwisha kuoza na kuanguka, lakini miti yote inajulikana, na kaka zake hawajaigusa. Tumeona tuliandike hilo wazi kwa sababu ni jambo la kusifiwa.

Vijana hawa walipooana, swali la kwanza lilikuwa nani atachuma. Mke hapandi mti. Akiweka mchumaji wa nje atamlipa kwa pishi. Na mume ndiye mchumaji hodari kuliko wengi waliopo pale. Je, alipwe na mkewe? Wenziwe kijijini walimcheka sana. Walimwambia kwamba kaolewa yeye, na kwamba siku moja atapewa na mahari. Yeye mwenyewe mwanzo alitaka achume bure. Mke akakataa. Alimwambia, "Babaake, ukinichumia bure mwaka huu, mwakani utaona ni zako, na mimi sitakuwa na mdomo wa kusema." Basi wakapatana alipwe ujira ule ule wanaolipwa wachumaji wengine kijijini, pishi kwa pishi, na kwa ujira huo yeye alishe nyumba yake.

Jambo hili halina ajabu kwa mwenye kuijua sheria. Mali ya mke ni ya mke, hata akiwa na mikarafuu elfu. Na chakula, nguo na malazi ya mke na watoto ni juu ya mume, hata akiwa hana mti mmoja. Mke akipenda kumpa mumewe, ni hiari na wema wake. Lililo la ajabu, kwa maoni yetu, ni kuona nyumba ambayo sheria hiyo inatumika hasa mpaka kwenye pishi.

Sasa tueleze siku yao inavyokwenda katika msimu. Mume huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Husali msikitini, hurudi akanywa chai kwa muhogo wa kuchemsha au shelisheli la kuchoma, na jua linapochomoza tayari yuko chini ya mti na pakacha lake, kamba yake na ule mti wenye kigoe wa kuvutia matawi. Hapandi mpaka amekwisha kusema Bismillahi, na hakanyagi tawi mpaka amekwisha kulijaribu kwa mkono. Tawi la mkarafuu ni la hadaa. Huonekana nene na zima, kumbe ndani ni kavu, nalo huvunjika bila ya kulia. Mwaka wake wa pili wa kuchuma alimwona mwenzake akianguka kutoka juu, na mpaka leo mwenzake huyo hatembei sawasawa. Tangu siku hiyo huyafunga matawi ya juu kwa kamba, moja kwa jengine, kabla ya kuyaegemea. Wengine humwona mwoga. Pishi zake kwa siku si nyingi kuliko za wenziwe, sita au saba, siku njema nane. Lakini hushuka kwa miguu yake.

Huchuma kicha kwa kicha, wala havunji vitawi. Karafuu yataka ichumwe wakati vichwa vimekwisha kunenepa na kuanza kugeuka rangi, kutoka kijani kuelekea wekundu, na kabla ua halijafunguka. Ikifunguka imeharibika thamani, na ikiachwa zaidi huwa mpeta. Kwa kuwa vicha vya mti mmoja haviivi pamoja, mchumaji mwema huurudia mti mara mbili, mara tatu au zaidi. Mchumaji mwenye pupa huvua kila kitu siku moja, vichanga na vilivyopevuka, akajaza pishi. Hasara humpata mwenye mti. Hapo ndipo mke alipoona faida ya kuchumiwa na mtu ambaye jioni atakula naye sahani moja.

Kazi ya mke huanza pale ya mume inapokwisha, yaani magharibi. Baada ya sala na chakula, jamvi hutandikwa barazani, taa huwashwa, na karafuu humwagwa katikati. Mama mtu huja, na jirani mmoja na binti zake, wakakaa kuchambua: kicha katika mkono mmoja, kiganja cha pili hukisugua, karafuu zikaanguka upande huu na makonyo yakatupwa upande ule. Mtoto wa miaka minne naye huchambua, ijapokuwa karafuu zake nyingine huishia puani. Hapo husemwa mambo yote ya kijiji. Ukitaka kujua nani kaposa na nani kaachwa, usende sokoni, nenda penye kuchambuliwa karafuu. Kuchambua hakungoji kesho, kwani karafuu mbichi ikilala katika chungu hupata joto, ikachemka yenyewe kwa yenyewe, na ikianikwa hutoka imepauka, haina uzito wala mafuta.

Asubuhi ni kuanika. Bibi huyu ana majamvi manane, mengine amesuka mwenyewe kwa ukindu. Haaniki chini wala haaniki barabarani juu ya lami, kama wanavyofanya baadhi yetu kwa kufuata joto, kisha wakaja kulalamika kituoni kwamba karafuu zao zimekutwa na mchanga na kushushwa daraja. Huzitandaza nyembamba, huzigeuza kwa mkono, na jioni huzianua zote na kuziingiza ndani. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zatosha. Hujua kwamba zimekauka kwa kuivunja moja kwa vidole: ikikatika kwa sauti, tayari, ikipinda, bado. Kilo tatu za mbichi humpa kama kilo moja ya kavu, na hesabu hiyo ameiweka kichwani, kwa hivyo hapana mtu awezaye kumdanganya.

Alitusimulia siku moja ya msimu uliopita. Mume alikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya mti. Majamvi yote manane yalikuwa nje, na mengine yalikuwa yamebakisha siku moja tu. Yeye alikuwa ndani akimwogesha mtoto mchanga. Ghafla akasikia upepo umebadilika, akatoka, akaona wingu limekwisha kukaa juu ya kilima. Alimweka mtoto chini, ana povu mwili mzima, analia, akakimbilia majamvi. Akakunja la kwanza, la pili, la tatu. Mtoto analia. Hata alipofika la tano matone yakaanza, naye akasimama katikati ya uwanja asijue akimbilie wapi. Wakati ule ule akamwona mke wa kaka yake, ambaye hawakuwa wakisemezana tangu Idi kwa jambo dogo la kuazimana kinu, anapita mbio bila ya kusema neno na kushika jamvi la sita. Karafuu zikaokoka zote isipokuwa za jamvi moja. Mtoto naye alikutwa amelala. "Kinu nilimpelekea mwenyewe jioni ile," alisema, kisha akacheka.

Ijumaa mume hapandi mti mpaka baada ya sala, na wala si yeye peke yake. Kilima kizima hunyamaza asubuhi ile, watu wakafua na kunyoa. Usiku wa kuamkia Ijumaa mke na mama yake humsomea marehemu Yasini. Na pesa za kwanza za kila msimu, kabla ya kununuliwa chochote, hufanyiwa khitima ya baba aliyeipanda ile mikarafuu: wali, mchuzi, na watoto wa chuo kula mpaka kushiba. Tulimwuliza mwalimu wa chuo, mzee wa makamo anayeheshimiwa sana pale, juu ya zaka ya karafuu, kwani wanachama hutuuliza kila mwaka. Alisema kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi huku, karafuu haimo katika mazao yanayotolewa zaka wakati wa kuvunwa kama mpunga, kwa kuwa si chakula cha kushibisha na kuwekwa. Lakini pesa zilizopatikana kwayo zikifikia kiwango na kukaa mwaka mzima zina zaka yake kama pesa nyingine. "Na sadaka," akaongeza, "haina msimu."

Mpaka hapa msomaji atadhani kwamba nyumba hii haijapata dhoruba. Wenyewe ndio waliotutaka tuieleze waliyoipata, na mume ndiye aliyeisimulia, mkewe akiwa amekaa mlangoni anatengeneza mchele.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia mwanzo wa masika. Bahari ilikuwa mbaya, kazi hapana, na muhogo bado mchanga. Mama yake mume, aliye kule mashariki, akashikwa na maradhi ya figo, ikawa lazima apelekwe hospitali, na baada ya hapo kurudi tena na tena. Gari, dawa, chakula cha mgonjwa na cha anayemwuguza. Mwanawe mkubwa ni yeye. Mkewe alijua kwamba mkwewe ni mgonjwa, lakini hakujua ni pesa ngapi zinazotakiwa, kwa sababu mume hakumwambia. Aliona haya. Alisema, "Mimi nala kwa mikarafuu yake, je, na mama yangu atibiwe kwayo?"

Katika siku hizo akapita mtu mmoja, mnunuzi, ambaye desturi yake ni kuzunguka mashambani wakati wa dhiki na kununua karafuu zingali juu ya miti. Akaitazama ile miti 33. Vicha vilikuwa ndiyo kwanza vinatoka, vijani, kama vichwa vya sindano. Akasema atatoa shilingi 600,000 kwa mazao yote ya msimu, na shilingi 280,000 atazitoa pale pale kuwa ni arbuni. Hakuuliza miti ni ya nani; alimwona mwanamume yumo shambani, ana panga mkononi, anapalilia, ikamtosha. Na mume hakusema. Akazipokea zile pesa, na siku ya pili zikenda hospitali.

Siku kumi na moja alikaa nalo moyoni. Anasema kwamba katika maisha yake hakupata kufunga saumu nzito kama ile. Alikuwa akirudi kutoka Tarawehe hupita njia ya mbali ili asiingie ndani mkewe angali macho. Mwisho mnunuzi mwenyewe ndiye aliyelitoboa, kwa kuwa alimkuta mke kisimani akamwambia kwa furaha, "Bibi, miti yako ile nitaitia mlinzi."

Mke hakupiga kelele. Alifuturisha kama kawaida, akangoja watoto walale, kisha akamwuliza neno moja tu: "Kwa nini?" Mume akamweleza yote. Mke akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Kuuza umekosa. Lakini kunificha maradhi ya mama ndiko kulikonichoma." Usiku ule alilala kwa mama yake. Mama mtu, naye ni mwanamke mwenye akili, hakumwuliza kitu mpaka daku, na baada ya daku akamwambia arudi kwake kabla jua halijatoka, watu wasije wakapata la kusema.

Asubuhi wakenda pamoja kwa mwalimu. Yeye aliwasikiliza, kisha akawaambia kwamba biashara ile ina kasoro mbili, na kila moja peke yake yatosha kuivunja. Ya kwanza, mtu hauzi kisichokuwa chake bila ya idhini ya mwenyewe. Ya pili, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla hayajadhihiri kufaa kwake, kwa kuwa hapana ajuaye kama yatapevuka au yataanguka, na mmoja katika wawili hao lazima atakula mali ya mwenzake bila ya haki. Akawaeleza pia kwamba mwenye dhiki hakufungiwa mlango. Ipo bei ya salamu: mtu huuza karafuu kavu, kwa uzito unaojulikana, za daraja linalojulikana, za kukabidhiwa siku inayojulikana, naye hupokea thamani yake yote papo hapo, lakini haifungwi na miti fulani, bali ni ahadi iliyo shingoni mwake, akikosa za kwake atanunua kwengine amlipe mwenziwe. "Sasa," akasema, "rudisheni pesa za watu."

Hatupendi kumfanya mnunuzi yule kuwa shetani. Yeye naye alitoa pesa taslimu wakati ambapo hapana mwengine aliyetoa. Lakini wanachama wazee hawahitaji kukumbushwa namna mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalivyowatoka wenyewe tangu karne ya 19, mtu akikopa kwa rehani au kwa ile iliyoitwa bei khiyari, akitaraji kulikomboa shamba lake msimu ukifika, na msimu ukifika karafuu hazikuzaa au bei ikaanguka. Madeni hayo yalikuwa makubwa hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria juu ya ardhi na karafuu mwaka 1934. Kuuza vicha vichanga ni mdogo wake mambo hayo, na huanza vivyo hivyo: ugonjwa, haya, na mtu mwenye pesa mfukoni.

Pesa za kurudisha hazikuwapo. Mke alikuwa na bangili mbili za dhahabu za mahari yake. Akamtuma kaka yake mkubwa mjini Chake Chake akaziuze, zikapatikana shilingi 310,000. Kati ya hizo akatoa 280,000. Lakini hakumpa mumewe, alimkopesha. Kurani imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na aya yenyewe ndiyo ndefu kuliko zote. Basi akatoa daftari la skuli, akaandika kwa mkono wake kiasi na tarehe, na kwamba deni litalipwa kwa ujira wa kuchuma. Mashahidi wakawa kaka yake, mama yake na yule jirani wa kuchambua: mwanamume mmoja na wanawake wawili, kama sheria isemavyo. Mume akatia sahihi. Alituambia kwamba mkono ulimtetemeka kuliko siku alipotia sahihi cheti cha ndoa.

Mnunuzi alipokea pesa zake mbele ya kaka mtu, akanung'unika kidogo, akenda zake.

Msimu ulipofika mume akachuma. Kila Alhamisi jioni, baada ya pishi kuhesabiwa, daftari lilifunguliwa: theluthi mbili ya ujira wa miti ya mkewe ilikatwa katika deni, theluthi moja ikabaki ya kula, na siku ambazo miti ile ilikuwa ikingojewa kupevuka alichuma kwa jirani, akauleta na ujira huo. Twaliona daftari hilo kwa macho yetu. Kurasa zake zina madoa ya mafuta ya taa, na pembeni mtoto amechora kuku. Wiki ya tisa zilipobaki shilingi 18,000, mke alitaka kumsamehe. Mume akakataa. "Nikisamehewa hizi," alimwambia, "nitakuwa nimelipa kwa kusamehewa." Akazilipa Alhamisi iliyofuata, na mstari ukapigwa chini ya hesabu.

Karafuu kavu zilizotoka katika ile miti 33 zilikuwa kilo 142, zote za daraja la kwanza isipokuwa zile za jamvi lililonyeshewa, nazo walizipeleka kituo cha Shirika la ZSTC kwa magunia yaliyofumwa vizuri, mke mwenyewe akasimama kwenye mizani. Pesa alizopokea zilizidi mara tatu zile 600,000 zilizokuwa zikitolewa wakati wa masika. Kitu cha kwanza baada ya khitima kilikuwa mabati kumi na manne ya upande wa nyumba uliokuwa ukivuja. Bangili hajanunua, na tulipomwuliza alisema kwamba mikono yake ni ile ile.

Makonyo yalibaki. Kwa desturi ya nyumba yao, makonyo ni ya wachambuaji, na wachambuaji kwa mwaka ule walikubaliana kwa sauti moja kumpa mke mwenye mikarafuu ayatumie apendavyo. Akayakausha, akayauza kwa ajili ya kile kiwanda cha mafuta cha Wawi, na pesa zake, zisizokuwa nyingi, akamtumia mkwewe za nauli ya hospitali. Mkwe yule, ambaye hali yake sasa ni nafuu kidogo, hajui hata leo khabari ya arbuni wala ya bangili. Alikuja kuwatembelea baada ya msimu na kikapu cha pweza mkavu, akamshika mkwewe mikono yote miwili, akashangaa kwa nini haivai kitu. Kijana akatazama pembeni. Mke akasema kwamba kazi ya karafuu haitaki bangili.

Siku tuliyokwenda tuliwakuta shambani wote wawili, mume akichimba mashimo pale ilipokuwa ile miti miwili iliyokufa. Miche miwili ilikuwa imewekwa kivulini ikingojea, na makuti ya kuifunika yalikuwa tayari, kwani mche wa mkarafuu ukipigwa na jua kali mwaka wa kwanza hufa bila ya kumwaga mwenyewe. Tukawauliza itakuwa ya nani. Swali lilikuwa la mchezo tu, lakini walitazamana. Ardhi ni ya mke. Mwenye kupanda ni mume. Na katika visiwa hivi mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwengine. Miche yenyewe mume aliinunua kwa pesa zake. Itachukua miaka sita mpaka minane kuzaa, na wakati huo yule mchoraji wa kuku atakuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa.

Mke alisema wangoje, waandike baadaye. Mume akasema hapana, daftari liletwe sasa hivi, kabla ya udongo haujarudishwa shimoni. Mtoto akatumwa nyumbani kulichukua. Tulipowaaga, yeye alikuwa amerudi nalo kifuani, na wazazi wake walikuwa wangali wakibishana.